Mfereji Katikati ya Mikoko

Mwarogo, Kwale
4 Februari 2024

Mama,

Pokea salamu zetu kutoka kwenye joto hili. Tulifika salama na sote watatu ni wazima. Mitchell ameanza darasa la kwanza, na mwalimu wake analalamika kwamba hanyamazi. Mokua anakusalimu sana. Anatoka asubuhi na mapema na kurudi hoi, kwa hiyo barua nitakuwa naandika mimi.

Nimechagua barua kwa sababu simu haitusaidii. Nikipiga husikii vizuri, unampa Nyanchama, mke wa shemeji Okemwa, naye anakupigia kelele sikioni mpaka wachuma majani ya chai wote wa Ikonge wanajua mambo yetu. Barua nitawapa watu wa basi wazifikishe Kisii mjini, na wifi Emily atakuletea akija nyumbani kwa Sabato. Nitaandika Kiswahili, maana Kijaluo hukijui na Ekegusii changu bado kinakuchekesha.

Mwarogo ni kijiji kidogo kando ya hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Bahari yenyewe hatuioni kutoka nyumbani. Tunachoona ni mikoko, msitu mzima umesimama majini na mizizi yake iko nje. Maji yakijaa, yanabaki majani tu ya juu. Yakipwa, kina mama wanaingia kwenye tope kutafuta kaa. Jirani yetu, Bi Nimasiti, ana mizinga ya nyuki humo, na yeye na wenzake wana kitalu cha miche ya mikoko. Ananiambia samaki wanaoliwa huku kote wamelelewa kwenye mizizi ile tangu wakiwa wadogo kama ukucha. Nilimwelewa upesi. Kwetu Homa Bay, walipofyeka mafunjo kando ya ziwa, ngege ndio samaki wa kwanza kupotea, halafu wakafuata kina mama waliokuwa wakiwauza.

Mokua bado yuko na ile kampuni. Wanajenga hoteli. Anafanya kazi ya mashine.

Jambo moja lilinishtua. Juzi maji yalifika mpaka kwenye kisima cha kijiji. Bi Nimasiti alisimama akiyatazama, mikono kiunoni, akasema, "Hapa hayajawahi kufika." Halafu akanitazama mimi.

Mkamwana wako,
Adoyo


Ikonge, Nyamira
3 Machi 2024

Mama Mitchell,

Barua yako nimeipata na moyo wangu ukatulia kidogo. Sisi tunaendelea. Mvua ya mawe ilitupiga wiki mbili zilizopita, majani ya chai yamechanika kama yametafunwa, na migomba ya Okemwa imelala chini. Nyanchama anakusalimu. Nimemwambia ulivyoandika kuhusu kelele zake, akacheka mpaka akakaa.

Sasa nikuulize. Umeniandikia habari za miti karatasi nzima, na habari za mwanangu maneno machache. "Anafanya kazi ya mashine." Mashine gani? Alipoondoka hapa alikuwa dereva wa tingatinga la barabara. Hoteli inajengwa kwa tingatinga? Linachimba wapi?

Mimi bahari sijaiona na sitamani kuiona. Unajua mwanangu Ondieki, kaka yake mumeo, alichukuliwa na maji, na ulikuwa mto tu, mto ambao watu huvuka wakiwa wamebeba ndizi kichwani. Tulimpata siku ya pili. Tangu hapo sauti ya maji mengi inanifanya nishike kitu. Kwa hiyo usiniandikie kwamba maji yamefika mahali hayajawahi kufika, halafu ufunge barua hapo kama mtu aliyeaga.

Mtoto asikaribie hayo maji. Mwambie nyanya yake amesema.

Nyamoita, mama yenu


Mwarogo
28 Aprili 2024

Mama,

Nisamehe kwa kuchelewa. Niliandika nikachana, nikaandika tena. Tuko wazima. Mitchell aling'oka jino la mbele na anakataa kucheka mbele ya watu. Poleni kwa mvua ya mawe.

Umeuliza, nami nitajibu. Ni tingatinga, na linachimba kwenye mikoko.

Kampuni ina kibali cha kujenga juu, kwenye ardhi kavu, na mpaka wake umewekewa vigingi. Lakini wageni wa hoteli watakuja kwa boti, na boti haziwezi kupita katikati ya miti. Basi wanakata mfereji mpana, ulionyooka kutoka baharini hadi chini ya hoteli. Hoteli iko hatua chache kutoka kijijini. Mokua ndiye anayechimba.

Nilimwuliza wakati tukila. Nikamwambia, "Baba Mitchell, wale watu wanasema mmevuka mpaka."

Akasema, "Mimi nafuata vigingi. Vilipo vigingi ndipo ninapochimba."

"Na nani aliweka vigingi?"

Aliacha kula. "Adoyo, hii kazi niliitafuta muda gani? Wewe unajua."

Sikumwuliza tena. Naogopa kuuliza, Mama, kwa sababu naogopa atanijibu.

Kina mama walienda kwa msimamizi wa kampuni na miche yao mikononi. Bi Nimasiti alimwambia, "Miti hii ndiyo ukuta wetu na ndiyo shamba letu. Ukitoboa ukuta wa mtu, jua nani yuko ndani." Msimamizi aliwapa soda. Walizimwaga pale pale mlangoni.

Maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi. Chai tunaikunywa hivyo hivyo. Kaa wamepungua, na tope la mfereji limefunika mizizi, miti iliyobaki inakauka ncha. Dukani watu wakiniona wanapunguza sauti. Jana mtu aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wetu: MNATUUA. Nilifuta kabla Mitchell hajarudi. Anajua kusoma sasa.

Adoyo


Ikonge
19 Mei 2024

Mama Mitchell,

Sina salamu ndefu leo. Mwambie aache hiyo kazi. Mwambie ni mimi nimesema, si wewe. Rudini nyumbani. Chai ipo, ndizi zipo, na hata kama havitoshi, hapa hakuna maji yanayopanda kuja mlangoni.

Nilimpigia, Nyanchama akisikiliza kwa niaba yangu. Akasema, "Mwambie Mama kila kitu kiko sawa." Nyanchama anasema sauti yake haikuwa sawa.

Nyamoita


Mwarogo
16 Juni 2024

Mama,

Mitchell yuko hai. Lishike hilo kwanza, halafu usome mengine ukiwa umekaa.

Alhamisi tarehe sita lilikuwa bamvua, ndiyo siku maji ya bahari hujaa kuliko kawaida, na upepo wa kusi ulikuwa mkali tangu asubuhi. Zamani, wanasema, siku kama hiyo mawimbi yaliingia kwenye mikoko yakachoka humo, na kijijini yakafika maji matulivu ya kulowesha nyayo. Alasiri nilikuwa naanua nguo. Nikasikia kitu kama lori likimwaga kokoto. Nikageuka. Maji yalikuwa yanakuja kwa mfereji, yanakimbia, ya kahawia, yamebeba magogo ya miti iliyokatwa. Yalifika mwisho wa mfereji, na mwisho wa mfereji ni sisi.

Nilimwita Mitchell. Alikuwa akicheza nyumba ya pili kwa Bi Nimasiti. Nilijaribu kwenda, maji yakanipiga kiunoni, gogo likanigonga mguu nikaanguka. Nilishika mnazi. Mama, niliita jina lake na sikusikia sauti yangu mwenyewe. Sijui ilichukua muda gani. Maji yalipopungua nguvu nilimwona Bi Nimasiti amesimama juu ya ukuta wa msikiti na mtoto wangu amemfunga mgongoni kwa leso.

Nyumba saba zimebomoka. Mama yake mzazi Bi Nimasiti, Bi Mwanakombo, alikuwa mgonjwa kitandani. Alikufa maji ndani ya chumba chake. Tulimzika kesho yake.

Mokua alikuja mbio kutoka kazini akiwa na tope hadi kifuani. Alimshika Mitchell, hakumwachia. Halafu alienda kwa Bi Nimasiti, akasimama mlangoni akaona wanawake wakimwosha marehemu. Alirudi akaketi kando ya Mitchell. Asubuhi nilipoamka hakuwepo. Simu yake imezimwa. Nguo zake zipo zote.

Watu wawili wa kampuni wamekuja mara mbili. Wa kwanza alisema kwa upole, "Akirudi mwambie asizungumze na mtu yeyote, kwa faida yake." Wa pili alikuwa anaangalia picha zetu ukutani. Akasema, "Kwao ni Nyamira, sivyo?" Niliwafungulia mlango watoke. Nimezima simu yangu na sitaiwasha. Wana namba yangu.

Mama, amefika huko? Nijibu haraka. Kama hajafika niambie hivyo hivyo. Kila nikiona watu wamekusanyika ufukweni miguu yangu inakataa kwenda kuangalia.

Adoyo


Ikonge
14 Julai 2024

Mama Mitchell mpendwa,

Tumelia sana hapa kwa habari zako. Kanisani tuliwaombea, nikamtaja na huyo Bi Nimasiti kwa jina. Mungu ambariki kwa mikono iliyombeba mjukuu wangu. Poleni sana kwa msiba.

Huku baridi imeshika. Majani yanatoka polepole. Ng'ombe wa mzee Ratemo, jirani yetu, alizaa, ndama ana doa jeupe kwenye paji. Okemwa amefukia ile migomba iliyoanguka na kupanda mingine. Emily amepata cheo pale dukani Kisii. Tumeweka mlango mpya wa jikoni, wa mbao nzito, una komeo ndani.

Mtoto analala vizuri? Anaota? Mpe uji, uutie sukari kidogo. Mguu wako umepona? Usiende mbali na watu. Usikae peke yako kwenye nyumba hiyo.

Barua ukinitumia, iandike jina la Emily juu, si langu.

Nyamoita


Mwarogo
4 Agosti 2024

Mama,

Nashukuru kwa maombi. Mguu umepona. Mitchell analala kwa Bi Nimasiti pamoja nami; nyumba yetu ina ufa na wavulana wa kijiji wamekataa kuigusa. Anaota, ndiyo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Umeniuliza kuhusu mguu. Umenieleza rangi ya ndama. Mimi nilikuuliza swali moja tu, na hukulijibu. Hukuuliza hata habari zake. Mama ambaye mtoto wake amepotea hawezi kuandika barua ndefu bila kuuliza kama amepatikana. Na hakuna anayeweka komeo la ndani kwenye mlango wa jikoni ili kulinda sufuria.

Basi yupo kwako. Niliposoma nilikaa chini nikalia, kwanza kwa shukrani. Halafu nilikasirika. Wiki zote hizo nilikuwa naangalia maji.

Lakini sikiliza, kwa sababu muda hautungoji. Kuna neno sikuliandika mara ya kwanza. Sikuweza. Maji yalipoingia, Bi Nimasiti alikuwa amesimama kati ya chumba cha mama yake na uwanja alipokuwa Mitchell. Mama yake alikuwa anamwita. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunasafisha tope: "Mtoto ndiye aliyekuwa anachukuliwa. Nikasema nikimfunga huyu mgongoni narudi kwa mama. Maji hayakuniruhusu kurudi." Mama, alimwokoa mtoto wa mtu aliyechimba mfereji. Anajua. Na bado kila siku anatupakulia chakula kabla hajajipakulia.

Mokua naye anajua. Nadhani aliambiwa pale mlangoni siku ile. Ndicho kilichomkimbiza, zaidi ya wale wa kampuni.

Sasa kampuni imeleta dereva mwingine. Wanataka kupanua mfereji upande wa kaskazini, na humo ndimo imebaki mikoko mikubwa. Ikienda hiyo, kijiji hiki kimekwisha. Kina mama wamepata wakili, msichana mdogo wa Kwale mjini, na hakimu amekubali kusikiliza. Kampuni inasema vigingi viko pale pale vilipowekwa tangu mwanzo. Wakili anasema bila mtu aliyeona vikihamishwa, hatuna kitu.

Naamini Mokua aliona. Naamini zaidi ya hapo. Mwulize mikono ya nani iling'oa vigingi.

Katikati ya Septemba kuna bamvua lingine, wazee wanasema kubwa. Kila mtu hapa anahesabu. Mitchell akisikia upepo anaingia chini ya kitanda.

Adoyo


Ikonge
25 Agosti 2024

Adoyo mwanangu,

Nakuita kwa jina lako leo kwa sababu nataka kusema na wewe, si na mama wa mtu.

Ni kweli. Alifika Jumapili akiwa amevaa sandali za watu wawili tofauti. Alinishika miguu akasema, "Mama, usimwambie mtu yeyote. Hata Adoyo. Wakimbana atasema." Nikaapa. Mimi ambaye ni mzee wa kanisa niliapa, nikakuandikia habari za ndama. Nilijua utateseka. Niliandika hata hivyo. Nilikuwa namwona Ondieki amelazwa kwenye majani, na nikasema huyu mwingine hakuna atakayemchukua, hata kwa haki.

Anakaa jikoni. Hatoki mchana. Chakula anakisogeza kwenye sahani. Mvua ikinyesha kwa nguvu kwenye mabati anasimama na kushika ukuta.

Wiki iliyopita watu walikuja. Pikipiki mbili mpaka kwenye kituo cha majani ya chai, wakauliza kwa Mama Mokua ni wapi. Wachumaji hawakuwaelekeza, lakini kuna mtoto aliyenyoosha kidole. Waliingia kwa boma wakanikuta nachambua mboga ya chinsaga. Mmoja alikuwa na viatu safi sana. Akaniambia, "Mama, kijana wako tunamdai maneno kidogo tu." Nikajifanya siwasikii. Nikamfanya arudie na arudie, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, ili aliye jikoni asikie asitoke. Nikasema mwanangu yuko Mombasa, ananisahau, hata salamu hatumi. Niliendelea kuchambua mboga. Walipoondoka niliona nimetupa majani na kuhifadhi vijiti.

Usiku huo sikulala. Asubuhi nilimsomea barua yako yote. Nilipofika pale mama wa Bi Nimasiti anamwita mwanawe, akasema, "Acha." Sikuacha. Nilisoma hadi mwisho, kisha nikamwuliza ulichoniagiza.

Akasema, "Ni mimi. Msimamizi alisema ving'olewe visogezwe hadi kwenye mkoko mkubwa wanaouita mchu. Niliving'oa kwa mikono, nikavipanda upya. Nilijua, Mama. Nilijua siku hiyo hiyo."

"Utasema hivyo mbele ya hakimu?"

"Watanifunga."

"Huenda."

"Na hawa wengine hawatangoja nifungwe."

Naogopa, Adoyo. Naogopa kuliko wakati wowote. Kama angekuwa na miaka mitano ningemfunga mgongoni nikakimbia. Lakini nikamwangalia akiwa amejikunja nyuma ya jiko la kuni, mwanamume mzima, nikaona kwamba nimemficha mpaka anaisha. Na huko kuna mwanamke aliyeacha mama yake kwa ajili ya mtoto wetu. Nitasema nini nikikutana naye mbele za Mungu? Kwamba nilikuwa na mlango wenye komeo?

Tutakuja, mimi na yeye. Siku siandiki. Usimwambie mtu isipokuwa huyo wakili.

Nyamoita


Mwarogo
3 Novemba 2024

Mama,

Tunatumai ulifika salama na chai haikuharibika kwa siku ulizokaa kwetu. Mitchell anakuulizia. Bi Nimasiti pia. Anasema hajasahau ulivyoketi kwenye mkeka wake asubuhi nzima bila kutafuta maneno ya kumpa, ukamshika mkono tu, na ulipoondoka ndipo alipoweza kulia.

Uliondoka kabla ya kikao cha mwisho, kwa hiyo nikueleze. Mokua aliitwa kwa jina lake lote. Nilikuwa nyuma. Wakili wa kampuni alimwuliza, "Wewe si ndiye uliyechimba? Leo unamlaumu nani?" Mokua akasema, "Simlaumu mtu kwa mikono yangu. Nilivisogeza mimi, niliambiwa na msimamizi, na alisimama pale akanionyesha kwa kidole." Wakamwuliza kwa nini alikimbia. Alitazama sakafu mpaka hakimu akamwambia anaweza kukaa chini. Mokua akasema, "Kwa sababu mtoto wangu yuko hai."

Hakimu aliwapeleka wapimaji hadi kwenye ule mchu. Mashimo ya zamani ya vigingi waliyapata nyuma yake, chini ya tope. Kazi imesimamishwa, na kampuni imeamriwa kuufunga mfereji. Tingatinga liliondoka Jumanne juu ya lori, watoto wakilikimbilia nyuma.

Mokua hakufungwa. Kesi yake imewekwa kando mpaka mwakani, na kila mwezi anaripoti kituoni. Hatuwezi kusema imekwisha.

Bamvua la Septemba ulilishuhudia mwenyewe. Nakumbuka ulivyoshika nguzo ya nyumba na macho umefumba. Maji yalifika kizingitini, yakasimama. Ile mikoko mikubwa ya kaskazini ndiyo iliyotubakiza. Sasa kina mama wanapanda miche kwenye kingo za mfereji, na Mokua anawabebea tope. Hawajamkaribisha wala kumfukuza. Anafika, anachukua ndoo, anafanya kazi mpaka maji yajae, anarudi. Siku ya nne Bi Nimasiti alimwambia, "Huo mche umeupanda chini mno, utazama." Akauinua. Hayo ndiyo maneno waliyozungumza.

Miche ni mirefu kama mkono wa Mitchell. Wanasema itachukua miaka mingi kabla haijazuia wimbi lolote. Ndiyo maana nalala bila kuvua viatu, Mama. Na kila gari nisilolijua likipita, nahesabu walio ndani ya nyumba.

Adoyo


Ikonge
24 Novemba 2024

Adoyo mwanangu,

Salamu kwa wote, na kwa Bi Nimasiti peke yake salamu zake. Mvua za vuli zimekuja vizuri. Nimemtumia kupitia kwa watu wa basi mkungu wa ndizi. Mbivu ale, mbichi umwonyeshe namna tunavyopika huku.

Yule mwenye viatu safi alirudi, Jumatano, kwa gari. Safari hii sikujifanya kiziwi. Alisema, "Mama, tumesikia kijana alikuwa hapa wakati ule." Nikamwambia, "Alikuwa hapo jikoni. Nilikudanganya. Sasa yuko Mwarogo, amesema yote mbele ya hakimu, na kila mtu wa kijiji kile anajua uso wako ulivyo kwa sababu nimewaeleza." Wachumaji walikuwa wameanza kutoka kwenye chai na vikapu mgongoni, mmoja mmoja, wakasimama nyuma yangu. Hakuna aliyeitwa. Okemwa alikuja na jembe lake. Yule mtu aliwatazama, akapandisha kioo, akageuza gari.

Lilipopotea nilikaa chini pale pale kwenye tope. Nyanchama alifikiri nimezimia. Emily anataka nihamie kwake Kisii mjini. Nimekataa. Sikatai kwa ushujaa, naogopa hata sasa. Nimekataa kwa sababu hapa watu wanatoka kwenye chai.

Sitakuambia uvue viatu. Endelea kulala navyo kama vinakusaidia. Mimi nami usiku nalifunga lile komeo, ila mlango wa jikoni mchana nauacha wazi.

Kuna bamvua katikati ya Desemba, nimemwuliza mwalimu wa shule akaniangalizia mwezi. Likipita, niandikie siku hiyo hiyo maji yalifika wapi. Kama ni kizingitini, andika kizingitini. Kama ni kitandani, andika kitandani.

Mama yako,
Nyamoita